Fundo Ndani ya Tangi

Sehemu ya tisa

Fundo lile halikuwa lake.

Hapo ndipo tulipomwacha Mseti, msomaji wangu: amepiga magoti nyuma ya gari, siti imeinuliwa, kifuniko cha tangi kiko pembeni na petroli inamchoma macho. Subaru lake la bluu lilikuwa limekata moto kwenye mpando wa kutokea Nyamuswa, likiwa katikati ya kulipita lori. Alfonce, shemeji yake na dereva wake, alilisukumia ukingoni kwa mwendo uliobaki. Lori liliwapita kwa upana wa kiganja.

Kama ndiyo kwanza unatushika njiani, chukua haya machache. Mseti ni fundi wa gereji moja ndogo ya Nyakato, mjini Musoma. Aliuza mitamba aliyoachiwa na baba yake, akanunua gari hilo likiwa bovu, na ndiyo maana watu wanaliita Mtamba. Jumamosi kuna mbio za vumbi, Butiama hadi Nyamuswa na kurudi. Kuna timu ya Mwanza inakuja kutazama, na imeahidi kwamba gari la Mara litakalotangulia, fundi na dereva wake watachukuliwa pamoja. Mseti ameweka kila kitu chake kwenye Jumamosi hiyo.

Nguvu za Mtamba zinatoka tangini. Mseti ameweka pampu mbili za mafuta. Ya kwanza ni ile gari lilikuja nayo, nayo hufanya kazi muda wote. Ya pili ni yenye nguvu, huamka pale tu tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini upepo, inapoanza kuvuta na injini inapodai mafuta mengi. Akapeleka gari Mwanza, kontroboksi, ile kompyuta ya injini, ikapangwa upya ili itegemee pampu zote mbili.

Mikanda ya plastiki ya dukani haikai ndani ya petroli. Inakauka, inakatika. Kwa hiyo Mseti hufunga pampu zake kwa uzi wa nyavu anaoupata ukweni, kwenye vijiji vya rasi, na huufunga kwa fundo la kufungia ndama, kama alivyofundishwa na baba yake malishoni.

Alichokishika sasa kilikuwa fundo dogo, bapa, lililobana kama limepigwa pasi. Fundo la wavu.

Na pampu iliyofungwa nalo, mahali pa ile ya pili, haikuwa yake. Ilikuwa kuukuu, ina kutu kwenye kitako, moja ya zile za kwenye ndoo ya vyuma chakavu chini ya meza yake. Aliigusisha kwenye betri. Kimya. Akaigeuza, akaigusisha tena. Kimya.

"Ng'ombe wako ameugua nini, shemeji?" Alfonce aliuliza, akijikaza kutania. "Ama ulimlisha majani ya jana?"

Mseti hakucheka. Alikuwa anahesabu watu. Gereji nzima, mtu mmoja tu alizaliwa ziwani, na alikuwa amesimama pale mbele yake.

Lakini Mseti ni mtu wa taratibu. Alijiuliza: mtu abadilishe pampu, kisha apande mwenyewe kwenye gari hilo hilo na kulipita lori mlimani? Akili ilikataa. Akakata kipande cha uzi, akamkabidhi Alfonce pamoja na ile pampu mfu, akamwomba aifunge kwenye chuma cha kuishikilia.

Alfonce alizungusha uzi mara nyingi, akaupitisha chini, akaupitisha juu, akavuta. Kikatokea kitu kikubwa kama kitumbua. Mseti akakivuta kwa kidole kimoja, kikafumuka chote.

"Mtoto wa kwanza wa mvuvi," Mseti alisema polepole.

"Mimi nyavu sijashonaga, shemeji. Mzee alinitoa ziwani mapema. Alisema mimi ni wa barabarani." Alfonce akacheka, lakini macho yake yalikwenda kwenye shamba la pamba ng'ambo ya barabara, yakakaa huko.

Mseti akaona aibu kwa yale aliyoyawaza. Aliziba bomba la pampu ya pili, wakarudi kwa pampu moja, mwendo wa mkokoteni, kupitia Butiama. Njia nzima Alfonce alisimulia vichekesho. Mseti aliitikia bila kusikia.

Kwa nini mvuvi amtoe ziwani mtoto wake wa kwanza wa kiume?

* * *

Langoni pa gereji kuna Eunice, mama wa chai na chapati, ambaye macho yake hayakosi kitu. Alfonce alipokwenda kuoga, Mseti alimuuliza kama kuna mtu aliyeligusa gari siku ile yeye alipokwenda Bunda kufuata matairi.

Eunice alishangaa. Hakuna mtu mgeni aliyeingia. Alikuja mama Wegesa tu, na chakula.

"Nikaona ametoa siti ya nyuma ameianika juani," alisema. "Nikafikiri umemwambia afue."

Mama Wegesa ni Pelagia. Mke wa Mseti. Dada yake Alfonce.

Mseti alimshukuru, akanywa chai yake yote ingawa haikushuka vizuri. Kisha akafanya jambo ambalo hulifanya kila anapoliacha Mtamba. Alifungua boneti akachomoa rilei, kile kiboksi cheusi kinachopitisha umeme wa betri kwenda kwenye pampu zote mbili, akakitia kwenye mfuko wa shati. Ni rilei ya lori, miguu yake minene, si ya kuokota popote. Bila hiyo pampu zote zinalala na gari haliwaki, hata uwe na ufunguo. Ya akiba aliiweka nyumbani, kwenye kopo ambalo mke wake anatunzia sindano zake za kushonea nyavu.

Akapanda bodaboda kwenda Mwisenge.

Pelagia alikuwa barazani, wavu wa mtu umemfunika miguu, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu. Hii ndiyo kazi yake. Kwao, wavulana wakiwa ziwani, mabinti hukaa nchi kavu wakishona walichokichana samaki. Mseti alikuwa anajua hivyo tangu siku ya kwanza alipomwona. Alikuwa tu hataki kukumbuka.

Aliliweka lile fundo juu ya wavu.

Pelagia aliliangalia. Mkono wenye sindano ukasimama.

"Hili ni la nani?" Mseti aliuliza.

"Ni langu."

Hakukana. Hiyo, msomaji, ndiyo iliyomuuma Mseti kuliko kama angekana. Mtu anayekana anakupa kazi ya kubishana. Pelagia alijitoa chini ya wavu, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Kilitoka chini ya gunia la mahindi. Ilikuwa pampu ya pili, nzima, imefutwa vumbi.

Mseti alimuuliza ni nani aliyemtuma. Alitaja mafundi wa Bunda wenye gari la mashindano, akamuuliza kama wamemfuata. Pelagia alitikisa kichwa. Hakutumwa na mtu. Miaka yote hii amemshikia Mseti tochi chini ya magari ya watu. Angeshindwaje kufungua kifuniko cha tangi?

"Nilitaka iende polepole tu," alisema. "Niliona ikikosa hiyo ya pili itarudi kuwa gari ya kawaida. Mngeshindwa, mngerudi nyumbani, basi."

Mseti aliketi kwenye ngazi. Akamweleza kwa sauti ile ile ya chini anayotumia kumweleza mteja. Gari hilo si la kawaida tena. Kontroboksi inaamini pampu ni mbili. Tabo inasukuma upepo, mafuta ya kuufuata hayaji, injini inaungua yenyewe kwa ndani, kisha inakata moto pale hasa dereva anapohitaji nguvu.

"Imekata moto leo mbele ya lori," alimaliza. "Kaka yako ndiye alikuwa ameshika usukani. Mimi nilikuwa pembeni yake."

Sindano ilianguka kwenye sakafu ya saruji. Pelagia hakuiokota.

"Mama Wegesa. Polepole kwa nini?"

Jirani alikuwa anaita mbuzi wake. Pelagia alikunja uzi kwenye kidole, akaukunjua, akaukunja tena.

"Alfonce huwaga anaanguka," alisema.

Mseti hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa pamoja: mtoto wa mvuvi asiyejua fundo, macho yaliyokimbilia shamba la pamba, baba aliyemtoa mwanawe ziwani. Mtoto mwenye kifafa hapandishwi kwenye mtumbwi. Akianguka majini hapati wa kumwokota. Walimhamishia nchi kavu ili apone, na nchi kavu akapenda magari.

Maneno yakaanza kumtoka Pelagia yenyewe. Kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Kwamba Alfonce ana vidonge vya hospitali na akivimeza vizuri anakaa muda mrefu bila shida, ila akijiona mzima anaviacha. Kwamba ameviacha tena tangu mbio zilipokaribia, kwa sababu vinampa usingizi. Kwamba juzi juzi alianguka chumbani kwake Nyakato, na yeye Pelagia ndiye aliyemlaza ubavu mpaka akazinduka. Alfonce alimwapisha kwa kaburi la mama yao asimwambie mtu.

"Alisema kwenye gari ndipo mahali pekee hakuna anayemhurumia."

Mseti alisikiliza mpaka mwisho. Lakini moyo wake ulikuwa umeshaondoka pale barazani. Ulikuwa kwenye uwanja wa ukweni, siku ya posa.

Kwa watu wa Mseti, wazee hawatoi ng'ombe kabla ya kuuliza. Wanauliza mbele ya watu wote, kwa sauti, na hakuna anayekasirika, maana ndiyo desturi. Siku ile baba yake mdogo alisimama na fimbo yake akauliza: nyumba hii ina ugonjwa wa kuanguka? Baba yake Pelagia akajibu: hakuna.

"Ulikuwa wapi wazee wangu walipouliza?" Mseti alisema.

"Nyuma ya mlango."

"Ulisikia jibu?"

"Nililisikia."

"Na Alfonce alikuwa wapi?"

"Alikuwa anawagawia wazee wako soda."

Mseti aliangalia mikono yake. Miaka yote hiyo. Harusi, mtoto, misiba, pasaka za kwenda ukweni na mkungu wa ndizi. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa anajua, mpaka watoto wa shule. Aliyekuwa hajui ni yeye peke yake, ambaye kila wiki alimkabidhi Alfonce ufunguo na kukaa pembeni yake bila kufunga mkanda vizuri, kwa imani.

"Ningesema, ungekuja kunioa?" Pelagia aliuliza.

Mimi ninayesimulia siwezi kukwambia Mseti angejibu nini siku ile ya posa. Yeye mwenyewe hakuweza.

"Nilikuwa nataka kuolewa na wewe, Mseti," Pelagia alisema. "Ndiyo hiyo tu."

"Ungeniambia mimi," alisema Mseti. "Ningebadilisha dereva. Badala yake ukaniharibia gari. Ulichagua niumie bila kujua."

Pelagia alikubali kwa kichwa. Akaomba kitu kimoja: Mseti asimwendee Alfonce kwa hasira. Yeye mwenyewe atazungumza naye, damu kwa damu, na Alfonce atajitoa. Aliposema hivyo mkono wake ulikuwa juu ya lile kopo la sindano, umelifunika kama mtu anayefunika uji usiingie inzi. Mseti aliuona mkono ule. Hakuutilia maanani.

Akachukua pampu yake akaondoka.

* * *

Kazi haina hasira. Mseti aliosha pampu kwa petroli safi, akabadilisha raba ya bomba, akaishikiza kwenye chuma chake, akaifunga kwa fundo la ndama. Akavuta upande mmoja; likakaza. Akarudishia kifuniko, akabana nati kwa kupishanisha pande, akachomeka rilei, akawasha. Geji ya msukumo wa mafuta ikapanda ikasimama palepale alipotaka, haichezi. Akaipandisha injini. Pampu ya pili ikaamka na mlio wake mwembamba. Mtamba alikuwa mzima kuliko alivyowahi kuwa.

Alfonce aliusikia mlio huo kutoka nje, akaingia anacheka, amepiga mswaki na kuvaa shati la kanisani.

"Umempata mwizi wetu?"

Mseti alizima gari. Akachomoa rilei, akaitia mfukoni.

"Mara ya mwisho kuanguka ni lini?"

Kicheko cha Alfonce hakikuisha mara moja. Kilibaki mdomoni kidogo, kama kinatafuta pa kwenda.

"Dada kakwambia," alisema hatimaye. Kisha, "Nikiendesha hainipati, shemeji. Haijawahi kunipata nikiendesha."

"Kwa hiyo unaisubiri ikupate Jumamosi."

Walizungumza kwa muda, na mengi hayafai kurudiwa hapa. Alfonce aliomba. Akaapa kwamba atarudia vidonge, ila baada ya mbio, kwa sababu timu ya Mwanza haiji Mara kila mwaka. Akamkumbusha Mseti nani aliyelala naye chini ya gari hili mvua ikinyesha, wakati mafundi wenzake wanaliita kaburi la mitamba. Yote yalikuwa kweli. Mseti aliyakubali moja moja.

"Dereva wangu wa Jumamosi si wewe," alisema.

"Ni nani sasa? Wewe?" Alfonce alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye malapa. "Wewe unaendeshaga kama mtu anapeleka maziwa mnadani."

Ilikuwa utani wa shemeji, ule wa kila siku, ila safari hii hakuna aliyecheka. Alfonce alipapasa paa la Mtamba mara mbili, akasema, "Umenifungia pampu nzuri. Asante," akatoka.

Mseti hakumdai hata ufunguo. Wa nini? Rilei ilikuwa kifuani kwake.

Nyumbani waliketi kula. Pelagia aliomba dua ya chakula kwa ufupi. Mseti aligeukia ukutani, na hasira na uchovu vikamchukua usingizini kama jiwe.

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya ukaguzi wa magari huko Butiama, aliamka kitanda kikiwa kitupu. Akafikiri Pelagia amewahi misa. Akatembea kwenda gereji taratibu, akipanga maneno ya kuwaambia watu wa mashindano kwamba anajitoa, ama anatafuta dereva mwingine.

Lango lilikuwa wazi. Palipokuwa Mtamba palikuwa na doa la oili.

"Mbona umebaki?" Eunice aliuliza, mwiko wa chapati mkononi. "Nilifikiri mmeenda wote."

"Wameenda nani na nani?"

"Si Alfonce na mama Wegesa. Mama kakaa mbele, kofia yako kubwa ya mbio kaipakata."

Mseti alipeleka mkono kifuani. Rilei ilikuwepo, nzito, ina joto la mwili wake.

Bodaboda ilimrudisha Mwisenge. Kopo lilikuwa juu ya meza, mfuniko pembeni. Sindano za nyavu zilikuwemo zote, na uzi wote. Rilei ya akiba haikuwemo.

Jana alimwambia kwamba alitaka gari liende polepole. Leo amelitia umeme kwa mkono wake mwenyewe na kukaa siti ya pembeni. Amekwenda kumzuia kaka yake? Kumshika akianguka? Au yale maneno ya barazani yalikuwa ya kumtuliza fundi mpaka airudishe pampu mahali pake?

Simu ikaita kabla hajapata jibu. Namba ngeni.

Sauti ya mwanamume, yenye furaha, ikajitambulisha kuwa ni mkaguzi wa mbio, yuko Butiama. Ikampongeza. Amekagua magari tangu asubuhi na hajaona tangi lililofungwa vizuri kama la Mtamba. Watu wa Mwanza wamesimama hapo hapo wanalipiga picha, wanauliza fundi ni nani.

"Sasa fundi, wewe ndiye mwenye gari, kwa hiyo nahitaji neno lako, kisha nalibandika namba," ilisema. "Nimeweka spika, vijana wako wako hapa wanakusikia. Ni swali moja, tunawauliza wote."

Nyuma ya sauti ile Mseti alisikia upepo, na injini yake ikiunguruma taratibu, na watu wawili anaowafahamu wakiwa wamenyamaza.

"Dereva wako ana ugonjwa wowote wa kuanguka?"

Mseti alifungua mdomo.